Mtani wa Mzee Seifu

Zamani pale Nambilanje, mtu akifa, hakuna aliyeuliza kama Fatu amepata habari. Waliuliza amefika wapi. Ukoo wake na ukoo wa kina Seifu ni watani tangu enzi za mababu, na kazi ya mtani msibani si ndogo. Anachota maji, anasonga ugali wa waombolezaji, na katikati ya kilio anavaa kofia ya marehemu na kuiga mwendo wake mpaka wafiwa wacheke bila kutaka. Fatu alikuwa hodari wa hilo, na baada ya kumcheka marehemu alimlilia kuliko wote.

Siku hizi pole inatumwa kwa simu, na kapicha ka mikono iliyofumbatana, basi, mtu amemaliza ujirani wake. Hayo tumeyazoea. Lakini alichofanyiwa Fatu kwenye msiba wa mzee Seifu kilipita kiasi.

Alikuja na kofia ya mzee kichwani, fimbo mkononi, akichechemea vilevile kama yeye, akajilaza mlangoni kuzuia jeneza. Alisema halitoki mpaka arudishiwe jembe lake, eti marehemu aliliazima hakulirudisha. Wazee walianza kutabasamu. Imrani, mtoto wa marehemu, alikuwa amekulia kwa mjomba wake Dar es Salaam na sasa ana ofisi Ruangwa mjini. Aliona anaaibishwa mbele ya wakubwa wenzake.

"Huyu ni nani?" alisema. "Mtoeni nje."

Wakamtoa, kofia ikaanguka vumbini. Mtu mmoja alikuwa anarekodi, na jioni ile sokoni Ruangwa wakawa wanamcheka bibi aliyeleta vituko msibani. Fatu aliumia sana. Alimpenda Seifu kama kaka, na hakupata hata nafasi ya kumlilia. Akaapa hatakanyaga tena msiba wa mtu. Kijijini walizika wengine, yeye yuko shambani anapalilia ufuta.

Huku nyumbani kwa marehemu, mjane wake Rukaiya alikuwa hali, hasemi, halii. Anakaa ameegemea ukuta tu. Imrani alimpeleka hospitali, hawakuona ugonjwa. Mwisho mama akafungua mdomo mara moja, akamwambia mwanawe kwamba baba yake bado hajazikwa, kwa sababu mtani wake hakumaliza kazi.

Imrani aliliacha gari barabarani, akaingia uani kwa Fatu viatu mkononi, akakaa mchangani na suruali yake ya ofisi. Akatoa mfukoni kofia ya baba yake, imefuliwa.

"Shangazi, nilikukosea," alisema. "Sikujua, na sikutaka kuuliza. Mama hali, hasemi, ameegemea ukuta tu. Anakuhitaji."

Fatu alikuwa na maneno makali aliyomwekea kijana huyu. Alikuwa ameyarudia peke yake shambani mpaka yakamkaa vizuri mdomoni. Lakini alimfikiria Rukaiya pale ukutani, na alipoitazama kofia ilivyokunjwa kwa uangalifu, hasira yote ikamwishia. Akaivaa.

Aliingia kwa Rukaiya akichechemea, akagonga sakafu kwa fimbo. Akalalamika kwa sauti ya Seifu kwamba ametoka mbali, ana njaa, na mke mwenyewe amekaa tu kama mgeni. Mabega ya Rukaiya yakaanza kutikisika. Alicheka kwanza, halafu kilio kikamtoka, kirefu, na Fatu akamkumbatia, naye akamlilia Seifu hatimaye.

Imrani alikuwa amesimama mlangoni, hajui aingie au arudi. Fatu akajifuta machozi, akaiweka kofia sawa, akamnyooshea fimbo.

"Huyu ni nani?" alisema. "Mtoeni nje."

Imrani akainamisha kichwa.

"Mwache, Seifu," Rukaiya akasema taratibu. "Huyo ni mwanetu."

Imrani akacheka huku analia, kisha akachukua ndoo, akaenda kuwachotea maji.