Gari la Baba na Salamu za Njiani

Siku hizi magari ya Korea yamejaa Mbeya mjini na hata huku Iringa, na watu wanayanunua bila wasiwasi. Lakini hakosekani mzee mmoja, kwenye harusi au kwenye foleni ya benki, wa kutikisa kichwa na kusema, "Hayo nayajua tangu zamani. Hayo magari ya kusukuma." Watu wanacheka. Mimi nanyamaza. Nimechoka kubishana, na tena, kwa upande wetu huu, sifa hiyo mbaya aliianzisha baba yangu. Msukumaji nilikuwa mimi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa, nakaa na baba katika nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa Mlandege, hapa Iringa. Mama alikwisha kufariki. Baba alikuwa amestaafu udereva. Kwa miaka thelathini aliendesha magari ya wengine: Land Rover za mabwana shamba wa kikoloni, malori ya kwenda Zambia wakati barabara ikiwa bado matope matupu, na mwishoni gari la ofisi moja mjini. Mgongo ulikuwa umekwisha. Hakuwahi kuwa na gari la kwake. Hata baiskeli yake ya ujanani alikuwa ameichangia na kaka yake, leo huyu, kesho yule.

Kaka yake huyo, baba yangu mkubwa, aliishi Igawilo, mbele ya Uyole ukielekea Tukuyu, na ndiye aliyemlea baba. Walipomaliza matanga ya mama yao, walikosana juu ya shamba la migomba, na baba mkubwa akasema mbele ya ukoo mzima, "Wewe utanifundisha nini? Wewe ni dereva wa magari ya watu." Baba aliinuka, akachukua kofia yake, akaondoka. Miaka kumi na mmoja hawakukaa benchi moja. Wakitumiana salamu, zilipitia kwa makondakta wa mabasi.

Kwa hiyo Mzungu mmoja wa mambo ya barabara alipotaka kurudi kwao, akawa anauza gari lake dogo, baba hakulala wiki nzima. Peugeot kuukuu isingewezekana kwa kiinua mgongo chake. Hili liliwezekana, kwa sababu hakuna aliyelitaka. Lilikuwa la rangi ya maziwa, limechongoka mbele na limekatwa nyuma. Mzungu alitueleza kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika kwamba nchi lilikotoka haikuwa na gari ililoweza kuliita lake mpaka lilipotoka hili. Umbo lilichorwa na Mwitaliano, injini ilikuwa ya Kijapani, na kazi yote ya kuliunganisha waliifanya wao wenyewe. Baba alisikiliza kwa makini sana. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Unaona, mama? Na wao walikuwa wanaendesha ya watu." Aliniita mama kwa kuwa nilirithi jina la bibi, mama yake.

Mtaani hawakusikiliza kwa makini hivyo. Siku ya pili tu alikuja balozi wetu wa nyumba kumi, akalizunguka gari mikono nyuma.

"Mzee, hii gari ni ya wapi?"

"Korea."

"Korea gani? Ile rafiki yetu au ile ingine?"

Baba hakujua. Balozi akaamua mwenyewe kwamba ni ile rafiki, maana ile nyingine isingeweza kutuletea kitu, na kama ni ya rafiki basi ni msaada, na msaada ni wa wananchi wote. Tangu siku hiyo tulibeba wajawazito, mabati, kwaya ya kanisa kwa mafungu, na mbuzi wa mahari. Mimi nilikuwa narudi shuleni na chaki hadi kwenye nyusi, nikitaka uji na kitanda tu, nakuta watu watano wamekaa kibarazani wanasubiri gari la msaada.

Hayo ningeyavumilia. Yaliyonimaliza ni salamu.

Baba na baba mkubwa walikuwa wamelelewa kwamba mtu aliye juu ya baiskeli akikutana na mzee, anashuka. Anashuka, anavua kofia, anainama, anauliza habari za nyumbani mpaka za ng'ombe. Ukisalimia umekaa, hujasalimia, umempigia mzee kelele. Alipokuwa akiendesha magari ya watu, baba hakuwa na uhuru huo, alikuwa anapita na bwana wake na vumbi lake, na nadhani ilimuuma miaka yote ile. Sasa gari ni lake. Akawa anasimama kwa kila mzee. Na kwa kuwa aliona ni utovu wa adabu kumsalimia mtu huku injini inanguruma, na petroli nayo ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, alikuwa anazima.

Betri ilikuwa imekufa. Mpya haikuwepo Iringa, haikuwepo Mbeya, na waliokwenda Dar es Salaam walirudi wakisema haipo huko pia. Miaka ile hata sabuni ilikuwa haipo. Gari likizimwa haliwaki mpaka lisukumwe. Injini yenyewe ilikuwa nzima kabisa, ukilisukuma hatua kumi linawaka. Lakini hatua kumi hizo nilizitembea mimi, na gauni langu la kazini, mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu. Watu wa Mlandege hawakuona adabu ya baba wala betri. Waliona mwalimu anasukuma gari la Korea asubuhi na jioni, wakatoa hukumu yao.

"Baba," nilimwambia mara moja, nimechoka hadi machozi yalikuwa karibu, "si uwapungie mkono tu?"

Aliniangalia kana kwamba nimemwomba atembee uchi. "Nani kakufundisha hivyo?"

Sikumwambia tena.

Mwezi wa sita, wakati wa baridi, kondakta wa basi la Mbeya alikuja nyumbani na salamu ambazo hazikuwa za kawaida. Baba mkubwa amevimba miguu, hali chakula vizuri, na amesema mdogo wake aende na gari lake ampeleke hospitali Mbeya mjini. Baba alimrudisha kondakta aseme tena. "Amesema na gari lake?" Kondakta akasema ndiyo, hivyo hivyo, na gari lake. Baba aliingia ndani, akatoka na ndoo na kitambaa, akaanza kuliosha.

Lita za petroli tulizipata Jumamosi jioni kwa hisani ya paroko, kwa hiyo tukaondoka Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi. Jumapili ilikuwa na taabu yake. Ili kuokoa mafuta, serikali ilikuwa imepiga marufuku magari ya watu binafsi barabarani kuanzia saa nane mchana. Gari zuri lingeweza kufika Igawilo kabla ya saa sita, na letu lilikuwa gari zuri. Hilo nalisema kwa moyo wangu wote. Lilipanda Mafinga bila kukohoa.

Lakini wazee walikuwa wanakwenda kanisani. Njia nzima, makoti meusi na fimbo. Kamwene, kamwene, ndiyo salamu ya huko, baba anashuka, anazima, anavua kofia. Mimi nasukuma, nakimbia, naruka ndani gari likiwa tayari linakwenda. Kabla ya Makambako viganja vilikuwa vimechubuka. Karibu na Chimala tulimkuta mzee wa wale wafugaji waliotoka kaskazini na ng'ombe wao kuja Usangu. Hakuwa na lugha moja na sisi, Kiswahili chake kidogo, na hakuelewa kwa nini mtu na gari lake ameshuka kumwinamia. Alisimama kwa woga, akidhani ng'ombe wake wamefanya kosa. Baba alimuuliza habari zao zote mmoja mmoja.

Nilikaa kwenye nyasi nikimwangalia, na nilimchukia kidogo. Kaka yake anamsubiri, ndugu aliyemkumbuka baada ya miaka kumi na mmoja, naye anauliza habari za ndama.

Igurusi tulifika saa nane na dakika kumi. Askari alikuwa kijana mpole.

"Shikamoo mzee. Muda umepita."

"Kaka yangu anaumwa, mwanangu."

"Pole sana mzee. Lakini nikikuachia, wale wa Uyole watakushika, na gari litalala kituoni wiki nzima. Si bora ulale hapa, kesho asubuhi uende?"

Tulilala kwa mzee mmoja wa kanisa. Baba hakugusa chakula, na hakunitazama usoni. Nilijua anajua.

Asubuhi hakukuwa na mzee njiani, au labda baba hakutazama pembeni. Saa tatu tulikuwa Igawilo. Baba mkubwa alikuwa amekaa nje ukutani kwenye jua, koti limemzidi, miguu imetanda kwenye ndala. Sikumfahamu mpaka alipokohoa. Mama mkubwa, mke wake, alinishika mkono.

"Jana alikaa hapo hapo kutoka asubuhi, amevaa koti," alisema. "Jua linazama nikamwambia twende ndani, hawaji. Akasema, wanakuja, ila watachelewa. Anasalimia watu huyo."

Baba alisikia. Alivua kofia, akainama mbele ya kaka yake, akabaki ameinama muda mrefu.

"Ugonile," alimsalimia kwa lugha ya kwao.

"Ndaga," alijibu baba mkubwa. Kisha akalitazama gari kwa muda mrefu, toka taa za mbele mpaka nyuma kulikokatika. Baba alisubiri. Mimi pia nilisubiri. Baba mkubwa akasema tu, "Haya, twende," nasi tukamwinua. Nilitamani kumtikisa mgonjwa yule.

Tulimkalisha kiti cha mbele. Majirani wakasukuma, gari likawaka, nikaruka kiti cha nyuma. Baba akanigeukia kidogo. "Leo sisimami kwa mtu," alisema.

Kabla ya kufika Uyole, kwenye tambarare, alikuwapo mzee na fimbo yake kando ya barabara, koti refu, mfuko wa mahindi begani. Alituona, akavua kofia mapema, kama anayemjua baba. Baba alikaza macho mbele na kukanyaga mafuta. Shingo yake ilikuwa imekakamaa. Tulimpita, na kofia yake bado iko mkononi.

"Simama," alisema baba mkubwa.

"Kaka, hospitali."

"Nimesema simama. Zima gari. Unampitaje mtu mzima?"

Baba akasimama, akazima. Mzee alikuja polepole mpaka dirishani. Baba alishuka akainama, lakini baba mkubwa hakuweza kushuka. Alitoa mkono nje ya dirisha, akamwomba radhi mzee kwa kumsalimia akiwa amekaa. Wakaulizana habari za nyumbani, za migomba, za ng'ombe. Mzee aliligonga bati kwa kidole.

"Na hii gari ni ya nani?"

"Ni ya mdogo wangu," alisema baba mkubwa. Akavuta pumzi, maana maneno yalikuwa yanamchosha. "Ya kwake mwenyewe. Kanifuata nayo kutoka Iringa."

Baba alikuwa ameshika mlango wake, kofia kifuani. Aliingia, akakaa, akaweka mikono yote miwili kwenye usukani. Wiki tatu baadaye tulimzika baba mkubwa kwenye lile shamba la migomba, na baba hakuwahi kutafuta maneno mengine zaidi ya hayo ya kaka yake.

Siku ile, pale barabarani, nilikwenda nyuma ya gari, nikaweka viganja vyangu vilivyochubuka mahali pale pale pa siku zote. Mzee akalaza fimbo yake chini, akatua mfuko wa mahindi, akaja kando yangu. Nilimwambia asisukume, akanipuuza. Tulisukuma wawili, yeye akigumia, hatua kumi, kumi na tano, na gari likawaka. Nilianza kukimbia nirushe mguu ndani kama kawaida, lakini baba hakupunguza mwendo. Alikwenda. Niliwaona kupitia kioo cha nyuma, vichwa viwili vyeupe, kimoja kimeinamia kingine, mpaka wakapotea kwenye kona.

"Wamekusahau," alisema mzee, anahema.

"Wamenisahau," nilisema.

Niliokota mfuko wake wa mahindi, tukaanza kutembea kuelekea Uyole.