Asubuhi Ndege Mbili Zilipokutana Ndani ya Wingu

Miaka ile ya vita barabara zilikuwa hazipitiki, na Butembo tuliishi kwa ndege ndogo. Mimi nilikuwa msichana wa foni, ile redio ya kuongea na marubani, katika kijumba cha mbao kando ya uwanja. Naikumbuka bado baridi ya asubuhi, ukungu juu ya vilima, harufu ya vitunguu vya Luofu vikingoja kupakiwa. Niliipenda kazi ile.

Siku moja rubani aliyetoka Uganda aliniambia angefika saa nne. Nikaandika. Kwa hiyo nikamwambia rubani wa Beni aje saa tatu, anga ni tupu.

Saa tatu nikasikia ngurumo za injini mbili ndani ya wingu moja. Kisha rubani wa Beni akapiga kelele redioni: "Iko mbele yangu!" Akakata kushoto. Ndege zote mbili zilitua salama. Mama mmoja aliposhuka alipiga magoti majanini.

Kesho yake alikuja mzee kutoka Beni, aliyekuwa mwongoza ndege kabla ya vita, ametumwa achunguze. Nguo zangu nilikuwa nimekwisha kuzifunga, nikingoja kufukuzwa au kutiwa gerezani.

"Binti, ikala," alisema akinionyesha kiti. "Sikukuya kutafuta mutu ya kufunga. Nataka nijue namna mambo ilifika."

Alituhoji kila mtu peke yake, mimi na marubani wote wawili. Akasoma daftari langu mstari kwa mstari. Kisha akauliza:

"Ule wa Uganda alisema saa ine. Saa ine ya wapi?"

"Papa, saa ine ni saa ine, non?"

"Hapana. Ukivuka mpaka ya Kasindi, saa inaruka. Saa ine yao, huku kwetu ni saa tatu."

Nikajifunika uso. Nilikuwa nalijua jambo hilo, kama kila mtu aliyewahi kwenda kuchuuza Kasindi. Sikulifikiria tu.

"Yeye hakusema, weye hukuuliza, na wakubwa yenu habakuandika sheria," alisema. "Donc, basi, tutengeneze kazi, hapana kuvunja mutu."

Akavua saa yake ya mkononi, akairekebisha ifuate saa ya Greenwich, ile ya marubani wa dunia nzima, akaitundika kwenye msumari juu ya redio. Tangu siku ile kila rubani alitaja muda wake kwa saa hiyo, nami nikaurudia mpaka aseme ndiyo.

Yule mzee sikumwona tena. Nilibaki kwenye foni hadi barabara zilipofunguka, na hakuna kazi niliyoipata baadaye iliyonipa furaha kama ile.