Jiwe Halina Kwao

Pete ya jiwe la kijani usiniletee. Juzi binti wa jirani alinionyesha yake, akajisifu kwamba muuzaji amemhakikishia imetoka mahali pa halali, hakudhulumiwa mtu. Nilimwambia auondoe mkono wake mbele yangu. Wauza mawe nawajua. Nilishona nguo barazani kwa mmoja wao.

Ilikuwa Babati, miaka ile ya shida, sukari kwa foleni na sabuni kwa kujuana. Mwenye duka aliniruhusu kuweka cherehani kwenye baraza lake, nami kila asubuhi nikimwamkia shikamoo kwa heshima zote. Rafu zake zilikuwa na viberiti na vumbi, lakini stoo ya nyuma ilikuwa na unga, na unga huo ndio uliowapeleka vijana wetu kwenye korongo upande wa Magara kumchimbia mawe ya kijani. Walichimba kwa siri, bila kibali, wapate kula. Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Mahindi ya shamba letu la Nakwa yalikuwa yamekauka, na watoto wake hawakujua kusubiri.

Masika yakaja, shimo likawaporomokea. Mwenzake mmoja aliyenusurika alipita nyumbani, akatuambia kaka amebaki chini, kisha akakimbia kwa kuogopa polisi bila hata kututajia ni shimo gani. Wajomba walikwenda korongoni wakakuta mashimo kila mahali, mengi yamefukiwa na mvua. Walirudi na matope tu miguuni.

Mama akakataa kumaliza matanga. Alisema hawezi kunyolewa nywele na mwanawe hana kaburi. Majirani walichoka kulala kwetu, chakula kikaisha, naye bado amekaa chini kwenye mkeka, hataki kuinuka. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, nionyeshwe shimo.

Nikamwendea mwenye duka. Nilimpigia magoti, ndiyo, mimi huyu. Nilimwambia sina nia ya kumshtaki, anitajie tu kaka yangu alikuwa akichimba wapi. Akaendelea kufuta mizani yake.

"Jiwe halina kwao, dada," alisema. "Likiletwa, nanunua. Siulizi lilikotoka."

Nilimchukia palepale, na chuki hiyo sijaitua hadi leo. Lakini baraza lilikuwa lake, nami nilikuwa na watoto wa marehemu wa kulisha, basi nikaendelea kumwamkia. Kila asubuhi, shikamoo.

Kabla masika hayajaisha, akaja mnunuzi kutoka Arusha, viatu vya ngozi vinang'aa wakati nusu ya Babati tulivaa katambuga za matairi. Wakakaa nyuma ya mlango, mimi nje nakanyaga cherehani. Mnunuzi alisema jiwe ni zuri lakini analiogopa. Siku zile serikali ilikuwa ikiwasaka wahujumu uchumi, naye hakutaka kukamatwa na jiwe lililoibwa mgodini. Alitaka jiwe safi. Asipoambiwa lilikotoka, haondoki nalo.

Mwenye duka ulimi ukamfunguka. Kumbe jiwe lina kwao, tena mwenyewe anapajua vizuri. Akaeleza njia ya kushukia korongoni, akataja mgunga uliopasuliwa na radi, na shimo lililo chini ya mizizi yake, upande wa mawio.

"Ni safi kabisa," alisema. "Hata waliolichimba hawatakuja kulidai."

Sikuacha kukanyaga. Niliogopa wakisikia cherehani imenyamaza watajua kwamba nasikiliza, hivyo nikashona tu, gauni la watu likaenda upogo hadi kiunoni. Mnunuzi aliridhika, akalifunga jiwe kwenye kitambaa, akaenda zake. Huyo naye namchukia sawasawa na mwenzake.

Wajomba walikwenda tena, safari hii mimi nikiwa mbele na jembe begani. Mgunga ulikuwepo. Tulimpata kaka chini ya mizizi. Uso haukutambulika tena, ila kiraka cha goti la suruali nilikitambua, kwa sababu nilikikata mwenyewe kwenye gunia la yanga, ule unga wa mahindi ya njano ya msaada, na mshono ulikuwa wangu. Nililia hadi nikashindwa kushika jembe. Tulimzika Nakwa, na mama akanyolewa, akainuka mkekani.

Nilirudi dukani na wajomba kuchukua cherehani. Mwenye duka alitoka na sukari ya rambirambi imefungwa kwenye gazeti, sukari ileile ambayo wiki zote za msiba tuliambiwa haipo. Akasimama akingoja shikamoo. Hakuipata.

"Pole sana, dada," alisema. "Nimesikia mmempata. Nani aliwaonyesha mahali?"

"Wewe," nikamwambia.

Wajomba wakainyanyua cherehani, tukashuka barazani. Alibaki amesimama na sukari yake mkononi.