Maji ya Mwisho ya Mamangu

Nakumbuka asubuhi moja kwetu Bwejuu, mwanangu, asubuhi ya msiba wa mamangu, Bi Mwanaidi Haji, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa nshaolewa mjini, Mkunazini, nna mtoto wa kunyonya. Habari ilinikuta naanika nguo. Nikajifunga kanga na kupanda gari vile vile nilivyo. Nilipofika, ua umejaa wanawake, wanaume wamekwenda kuchimba kaburi, na Bi Tatu Makame, muosha maiti wetu, yumo ndani na Sihaba, msaidizi wake, anapanga vyombo vyake. Majina nakutajia kwa sababu wote hawa wametangulia, na aliyetangulia akitajwa huombewa.

Ujue kwanza kwamba mamangu alikuwa na neno alilonishika nalo. Siku moja tunachambua mchele, yeye mzima wa afya, aliniambia, "Miza, mie sikujaaliwa mwana wa kike mwengine. Siku yangu ikifika, unioshe wewe." Nikamwambia, "Haya mama, nitakuosha." Nilikubali upesi, kama mtu anavyokubali safari asiyoijua urefu wake. Kwetu sisi, mtu kuoshwa na mwanawe ni stara kubwa, na mamangu katika dunia hii hakuniomba mengi.

Basi nikaingia. Mapazia yameteremshwa, ubani unafuka, kitanda cha kuoshea kimewekwa juu ya shimo la kupokea maji. Mama kafunikwa shuka, mkono mmoja tu umetokeza. Bi Tatu akanifunga kitambaa kiganjani, akanionyesha pa kuanzia. Nikagusa.

Baridi ile, mwanangu, nilikuwa sijapata kuijua. Nikataka nisome nijitie nguvu, na hata Kulhuwallahu, sura fupi ya Kurani niliyoihifadhi chuoni kabla sijaota meno ya pili, ikanitoka kichwani yote. Nikakivua kitambaa, nikatoka mbio mpaka nyuma ya nyumba, kwenye banda la kuku, nikakaa chini mchangani.

Huko nyuma nikawa nawasikia wa uani. Shangazi yangu, Bi Pili, alikuwa na sauti ya kuita watu shamba. "Kilio huanza mfiwa," anasema, "na mfiwa mwenyewe katoka mbio. Huo mji umemlegeza."

"Mwache, Pili, mtoto ana uchungu," mwengine akamwambia.

"Uchungu sote tunao. Mie nilimuosha mamangu na mimba ya miezi minane."

"Hiyo tushaijua. Kila msiba unatusimulia."

Wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani cha kuziba mdomo kwa kanga. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nguo nshazivua, maji nimeyakimbia. Lakini maneno ya Bi Pili siyo yaliyonivunja. Nilijiona nimetupwa. Nilisema moyoni, leo ndiyo siku aliyonihitaji mamangu, nami nimeshindwa. Na Mungu kaniona ninavyoshindwa, akayaondoa hata maneno yake ulimini mwangu. Niliamini kabisa kwamba Mola yumo mule chumbani pamoja na wenye imani ya kweli, na mimi fungu langu ni kukaa na kuku.

Bi Tatu akanifuata. Alikuwa mtu mzima, mzito wa mwendo, mikono imemlowa mpaka viwikoni. Hakunikumbatia wala hakunifuta machozi. Akaniita, "Miza."

"Naam, Bi Tatu."

"Maiti haachwi. Nimemwacha na Sihaba, kwa hiyo nitasema mara moja. Umekimbilia nini huku?"

Nikamwambia naogopa. Nikamwambia na kusoma kumenishinda, hata sura ya watoto imenitoka, Mungu keshaniacha.

Akanikazia macho. "Kakwambia nani? Unadhani anangoja usome ndiyo aje? Siku uliyozaliwa ni mimi niliyekupokea. Ulisoma nini siku hiyo? Ulikuwa unalia tu, na pumzi akakupa."

Nikamuuliza, "Kwani wewe, Bi Tatu, huogopi?"

"Naogopa kila mara. Ndiyo maana kila nikitia mkono nasema Bismillahi. Angekuwa yuko mbali ningemwita ya nini?" Kisha akasema, "Kuosha huwezi, basi usioshe. Njoo utie maji. Nyanyuka, mamako anangoja."

Nikanyanyuka. Nilipopita uani Bi Pili akageuza uso, na mimi sikumtazama. Nikapewa kata ya kifuu cha nazi na ndoo ya maji yaliyotiwa majani ya mkunazi. Kata ya mwanzo ilimwagikia miguu ya Sihaba. Sihaba akasogea tu. Bi Tatu akiosha, mimi namimina, macho nimeyafumba nusu.

Tulipofika miguuni shuka ikasogea kidogo, nikaona kidole gumba chake. Mamangu alisokota kamba za makumbi ya nazi umri wake wote, na ncha ya kamba akiibana katika kidole hicho, hata nyama ikafanya mfereji. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiupitisha ukucha wangu mle, akinicheka. Basi nikamjua. Nikayafumbua macho, nikamimina polepole, maji yakapita katika ule mfereji wake. Khofu haikuniondoka, nisikudanganye. Mkono ulitetemeka mpaka kata ya mwisho. Lakini nilijua kwamba nimeshikwa, kama mtoto anavyojua kashikwa na mtu mzima hata gizani. Zaidi ya hapo sijui kukueleza. Sura haikunirudia mpaka alasiri. Nilichokuwa nacho ni Bismillahi ya Bi Tatu tu, akiisema yeye naisema nyuma yake.

Kwa hiyo sikumuosha mamangu. Nilimtia maji. Walipokwisha kumvika sanda nikamuuliza Bi Tatu, "Mama atakuwa radhi na mimi? Sikutimiza."

Akawa anakamua kitambaa. Akasema, "Mamako alikuzaa, Miza. Ngurumo ikipiga ulikuwa unaingia chini ya kitanda chake. Alijua anamuomba nani."

Mwanangu, nakupa haya kwa sababu nnawaona vijana wetu. Akishindwa jambo, mtu anaona haya hata kuinua mikono kuomba. Anasema nitajitengeneza kwanza, ndipo nitarudi kwa Mola wangu. Usifanye hivyo. Kuteleza si kuanguka, na hata ukianguka, pale pale chini Yeye yupo. Alikujua na udhaifu wako kabla hujaujua wewe. Ukiogopa, mwambie naogopa, hiyo nayo ni dua. Maneno yakikutoka yote, shika moja. Na jambo kubwa likikushinda, tafuta kipande chake unachokiweza, ukifanye hivyo hivyo na kutetemeka kwako, wala usingoje kwanza uwe jasiri. Mimi nshazeeka, na huo ujasiri bado sijauona.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi unapokwenda na unaporudi. Siku ya khofu yako akutumie mtu wa kukuita kwa jina lako, na siku ya kushindwa kwako akufungulie mlango, japo mdogo, wa kutosha wewe kupita. Radhi zangu unazo. Amin.