Makaroni ya Sanduku la Baba

Mjukuu wangu anachemsha makaroni, na harufu ile ya unga imenirudisha uani kwetu, kijijini Mpemba, kiangazi, vumbi jekundu likitua juu ya makaa.

Baba alikuwa migodini Rodesia. Kila jioni mama alimtengea chakula na kukifunika, maana msafiri huingia wakati wowote. Siku hiyo mjomba, aliyekwenda migodini pamoja naye, alirudi peke yake na sanduku la baba. Alimnong'oneza mama, mama akakaa chini. Sandukuni mlikuwa na blanketi, viatu na pakiti ya makaroni.

Mama aliyapika palepale nje, sufuria juu ya wavu wa waya. Akapakua, akatenga sahani ya baba kama kawaida. Akaitazama, kisha akaisogeza kwangu.

"Kula na hii, mwanangu."

Nikaila yote, nikishukuru moyoni kwamba baba amechelewa.