Mguu wa Kushoto wa Bi Muzna

Wifi yangu Bi Muzna, dada wa marehemu mume wangu, ameendesha gari tangu ujana wake. Katika nyumba yetu ya mtaa wa Malindi hakuna mwanamke aliyewahi kwenda arusini au msibani kwa kuomba kupakiwa. Yeye ndiye aliyetuchukua sote katika Datsun nyeupe. Gari ile haikuwa na anasa: vioo vya kuzungusha kwa mkono, upepo wa dirishani tu, usukani mzito kama jiwe la kusagia. Lakini buti lake lilimeza mikeka, masufuria na siku moja hata mbuzi wa akika, na kila fundi wa mjini aliifungua akijua anachokitafuta.

Mwaka huu goti la kushoto la Bi Muzna lilikataa klachi, na daktari akamkataza kabisa gari ya namna ile. Mwanangu Muhannad, aliyekuwa akijiandaa kuoa Chwaka, akanunua kigari kipya, cha bei ya chini kuliko vyote alivyoviona. Bati lake ukiligonga hulia kama kopo. Lakini kina kiyoyozi, kinabadilisha gia chenyewe, na usukani unauzungusha kwa kidole. Akamwambia shangazi yake kuwa akikiweza, ndiye atakayepeleka sanduku la nguo na zawadi za bibi arusi. Asipokiweza, ataajiri dereva. Niliona neno lile lilivyomchoma. Sanduku la nyumba yetu liendeshwe na mtu wa kukodi?

Tukenda uwanja wa Maisara kujaribu. Aliondoka vizuri. Alipotaka kupunguza mwendo, mguu wa kushoto, kwa mazoea ya umri mzima, ukatafuta klachi ukakanyaga breki kwa nguvu zote. Sote tukarushwa mbele. Miwani yangu ikaniangukia mapajani.

"Shangazi, basi. N'takutafutia dereva," Muhannad akasema.

"Dereva wa nini? Mguu ndio uliokosea, si mimi. Shuka wewe, unanitia wasiwasi."

Akashuka. Bi Muzna akaukunja mguu wa kushoto, akausukuma chini ya kiti na kuuambia, "Wewe kaa huko. Kazi yako imekwisha." Tukazunguka mpaka adhana ya alasiri, na hakuna aliyerushwa tena.

Siku yenyewe, sanduku halikuingia butini. Tukaliweka kiti cha mbele, na gari ikapiga kelele mpaka tulipolifunga mkanda kama abiria. Bi Muzna akasema hajapata kuona gari yenye mdomo kama hii. Hata hivyo tulifika Chwaka bila jasho wala vumbi, udi ungali unanukia nguoni, na mafuta yaliyotumika Datsun isingefika nayo hata nusu ya njia.

Wakatupokea kwa vigelegele. Mama wa bibi arusi, Bi Mashavu, akauliza dereva wetu yuko wapi, apelekewe chai nje kwa wanaume.

Bi Muzna akazima gari, akajitanda vizuri, akashuka.

"Dereva ni mimi," akasema. "Na chai nitaifuata ndani."

Bi Mashavu akamshika mkono mwenyewe, akamtanguliza mlangoni, nasi wengine tukafuata nyuma yake.