Skrini ya Tatu

Kidole alipewa jina hilo na wenzake wa ofisini. Ukishika simu mbele yake hakutazami usoni. Anatazama kidole chako, kinabonyeza wapi, kinasita wapi, kinarudi nyuma kwa nini. Tabia hiyo ilishamkosesha mchumba. Jamaa anamwonyesha picha za kiwanja alichonunua, yeye anauliza, "Mbona umebonyeza mara mbili?"

Mwezi huo alikuwa anabuni programu ya simu ya kuwawezesha watu kuweka nafasi ya kutembezwa kwenye jumba la sanaa. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kuisimamia peke yake, na mkurugenzi wa jumba, mama anayepima maneno kwa kijiko, alishamwambia wazi: "Ijumaa nitaijaribu mwenyewe. Nikikwama, tunarudi kwenye daftari letu la mapokezi, na wewe tunakutakia kila la heri."

Tatizo lilikuwa skrini ya tatu. Kidole alikuwa amezichora skrini zote kwenye karatasi, anazipanga mezani na kumwomba mtu abonyeze karatasi kana kwamba ni simu. Ya kwanza, siku: watu wanapita. Ya pili, saa: wanapita. Ya tatu ilisema, "Chagua ziara yako," na chini yake: Sanaa ya Kisasa, Sanaa Dhahania, Uchongaji. Hapo kidole cha kila mtu kilining'inia hewani kama nzi anayetafuta pa kutua. Halafu mwenyewe anakumbuka ana shughuli.

Hata shangazi yake, fundi cherehani anayeweza kumwambia mteja mbele ya mumewe kwamba kiuno hakipo, alifika pale akanywea.

"Nimeacha pasi kwenye moto," akasema.

"Shangazi, pasi yako ni ya umeme."

"Ndiyo hatari zaidi."

Kidole alicheka, lakini hakulala. Shangazi mzima adanganye kwa ajili ya kipande cha karatasi? Kuna kitu. Kesho yake akamburuta hadi kwenye jumba lenyewe.

Shangazi aliingia kwa kunyata, mkoba kifuani, kama mtu aliyekwenda kwenye msiba wa mtu asiyemjua. Mtembezaji, bwana mpole aliyekariri maelezo mpaka maelezo yakamchoka, akaanza: "Hapa msanii anahoji nafasi ya mwili katika..." Shangazi akawa anaitikia "ee" kila nukta. Mpaka wakafika kwenye picha ya mwanamke aliyenyanyua mkono kuanika nguo.

"Samahani, baba," shangazi akamkatiza. "Huyu mkono kaunyanyuaje?"

"Kivipi, mama?"

"Kwapa la blauzi limeshushwa chini, na mkono wa nguo umebana. Akinyanyua hivi, blauzi yote inapanda, tumbo nje. Hapa haijapanda hata kidogo. Aliyechora alimwona huyu mama kweli, au alimtunga tu?"

Mtembezaji akaigeukia picha. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa fremu, mlinzi akakohoa. "Miaka saba napita hapa," akasema taratibu, "na sijaliona hilo." Wakabishana robo saa nzima, shangazi kanyanyua mkono wake kuonyesha, mtembezaji naye kanyanyua wa kwake, wageni wengine wakadhani ni sehemu ya maonyesho.

Wakiwa nje, Kidole akauliza, "Sasa jana ulikimbia nini?"

"Wewe mtoto, uliniambia nichague. Nitachaguaje nisichokijua, nionekane mshamba? Ungeniuliza nataka kujua nini, ningekujazia karatasi mpaka mgongoni."

Kidole akaichana skrini ya tatu, akachora nyingine yenye mstari mmoja: "Ungependa kuuliza nini?" Swali lingeenda kwa mtembezaji, naye angepanga ziara kuanzia hapo.

"Na wakiniuliza nisichokijua?" mtembezaji akalalamika.

"Ndipo utakapopata sababu ya kusoma."

Ijumaa mkurugenzi akapokea simu yenye programu, akakaa nayo mezani kwake. Siku, akapita. Saa, akapita. Ya tatu, akatulia. Dakika ikaisha. Mkurugenzi akainuka, akafunga mlango wa ofisi, akarudi kukaa.

"Swali likienda, nani analiona?"

"Mtembezaji tu."

"Na jina?"

"Si lazima."

Akaandika. Akafuta. Akaandika tena, safari hii kwa haraka, kama mtu anayeruka mtaro, akatuma. Akavuta pumzi. "Nimeielewa hii," akasema. "Jumatatu ianze kutumika."

Kidole hajamaliza kushukuru, mtembezaji kagonga na kuchungulia, simu mkononi.

"Bosi, kuna mgeni ameweka nafasi. Anauliza ile picha kubwa ya kijani ya ghorofa ya pili tumeitundika sawasawa, au juu chini. Anasema ana miaka tisa anaona aibu kuuliza."

Mkurugenzi akarekebisha miwani. "Na jibu ni lipi?"

"Hata mimi sijui. Nahisi nyuma ya fremu kumeandikwa kitu, lakini hatujawahi kuigeuza. Mgeni mwenyewe anakuja kesho saa nne, nitakuwa nimesha..."

"Kesho mbali," mkurugenzi akasema, ameshasimama. "Leteni ngazi."